Kinanda Hakipimwi kwa Macho

Hapana mtu wa Geita mwenye akili timamu auzaye dhahabu yake kwa kukisia. Punje iliyopatikana kwa jasho shimoni, ikaoshwa ndani ya karai mpaka mchanga ukatoka, hufungwa katika karatasi, huchukuliwa sokoni, huwekwa juu ya mizani, hupimwa uzito na usafi wake, ndipo bei itajwapo. Tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, na mengine yakafuata katika mkoa wa Shinyanga, upimaji huo hufanywa mbele ya watumishi wa serikali, na hapana upande uridhikao na neno tupu la upande wa pili. Muuzaji hakubali kuambiwa, "Niamini." Mnunuzi hakubali kuambiwa, "Tazama inavyong'aa." Wote wawili wanajua kuwa katika miamba ya nchi ile yamo madini ya chuma na salfa ambayo humetameta kuliko dhahabu yenyewe, na kilo yake nzima hainunui chakula cha mchana.

Lakini mtu huyo huyo, akiondoka penye mizani na fedha mkononi, akaenda kushirikiana na wenzake kuinunulia kwaya yao kinanda, huiacha hekima yake sokoni. Hapimi, hagusi, hasikilizi, haulizi. Hutazama taa zinazowaka juu ya kinanda, huhesabu vitufe, husikia muuzaji akisema kuwa chombo kina sauti 500, hutoa fedha, huenda zake. Aliyekuwa mjuzi wa mizani asubuhi amekuwa mateka wa mng'aro jioni. Neno hili ni aibu, na wakati wa kulisema wazi umewadia; maana vinanda vinanunuliwa kila mwezi toka Maswa hadi Chato, na hasara yake haiwi ya tajiri aliyezidiwa na mali, bali ya watu waliochanga shilingi mia tano mia tano.

Chukua mfano wa kwaya moja ya kijiji kilicho baina ya Kahama na Geita. Jina lake halina haja, kwa kuwa kwaya kama hiyo iko katika kila wilaya. Ina waimbaji arobaini. Kwa muda wa mwaka mzima imechangisha: mwanamke auzaye mchele barabarani ametoa, mchimbaji mdogo ametoa siku alipopata na kuahidi siku alipokosa, mkulima wa pamba ametoa baada ya msimu, watoto wa shule wametoa sarafu. Fedha ilipotimia kamati ilikutana. Mwenyekiti na mweka hazina walichaguliwa kwenda mjini kununua. Kijana apigaye kinanda hakuchaguliwa, kwa sababu nauli ya mtu wa tatu ilionekana kuwa upotevu wa fedha, tena kwa sababu yeye ni mdogo na wao ni wazee.

Wakafika dukani. Muuzaji akabonyeza kitufe kimoja, na chombo kikaanza kupiga chenyewe: ngoma, gitaa, tarumbeta na vinubi kwa pamoja. Wazee wakatabasamu. Walidhani kuwa wamesikia kinanda, kumbe walisikia tangazo la biashara lililotiwa ndani ya kinanda kiwandani. Jumapili kijana alipokalia kiti akaona ya kuonekana. Alipobonyeza kwa upole, sauti ilitoka kubwa. Alipobonyeza kwa nguvu, sauti ilikuwa ile ile. Hakuweza kunong'ona chini ya mwimbaji wa peke yake, wala kunguruma wakati kwaya nzima ilipoinuka. Mwezi wa tatu waya wa umeme uliharibika, ukatafutwa mwingine wowote ulioingia katika tundu lile, na kinanda kikazimika kisiwake tena. Kamati ikasema, "Vitu vya siku hizi havidumu." Kosa halikuwa la siku hizi. Kosa lilikuwa la nauli moja.

Ili kuona ukubwa wa kosa lenyewe yafaa kujua kitu hiki ni nini. Vinanda vya nyuzi vilikuwapo Ulaya kabla ya piano, na kilichopendwa kati ya hivyo kilizinyakua nyuzi kwa vijiti vyenye ncha; mpigaji akibonyeza kwa hasira au kwa huruma, uzi ulilia kwa kipimo kimoja. Yapata mwaka 1700 fundi mmoja wa mji wa Florence katika Italia, Bartolomeo Cristofori, aliweka nyundo ndogo mahali pa vijiti. Kidole kikienda taratibu, nyundo iligonga taratibu. Kidole kikienda kasi, nyundo iligonga kwa nguvu. Kwa uwezo huu chombo kilipewa jina la maneno mawili ya Kitaliano, piano na forte, yaani sauti ndogo na sauti kubwa. Baadaye ulimi wa watu ukachoka, ukabakiza neno la kwanza. Basi chombo kisichoweza kutoa sauti ndogo na kubwa kwa amri ya kidole huenda kikawa na manufaa yake, lakini hakistahili jina hilo, hata muuzaji akiliandika kwa herufi za dhahabu juu ya sanduku.

Piano ya dijitali haina nyuzi wala nyundo zigongazo nyuzi. Sauti za piano ya kweli zimerekodiwa na kuwekwa katika kumbukumbu ya mtambo, na chini ya kila kibonye, yaani kila kipande cheupe au cheusi kinachobonyezwa kwa kidole, kuna vihisio vinavyopima wepesi wa kushuka kwake. Kwa kipimo hicho mtambo huchagua ukubwa wa sauti ya kutoa. Piano kamili ina vibonye 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Katika zilizotengenezwa vema kila kibonye kina uzito unaofanana na ule wa piano ya nyuzi, mzito zaidi upande wa kushoto na mwepesi zaidi upande wa kulia. Vinanda vyepesi vya kubebeka kwa kawaida vina vibonye 61, na ndani yake hakuna uzito bali kamba ya springi tu. Baadhi vinatii nguvu ya kidole, na baadhi havitii kabisa. Vyote hivi hupangwa katika rafu moja, hupigwa vumbi kwa kitambaa kimoja, na mara nyingi huitwa kwa jina moja. Jicho halivitengi. Kidole huvitenga kwa dakika moja.

Wako watakaodhani kuwa maneno haya yanawataka watu wote wanunue chombo kikubwa chenye vibonye 88. Sivyo hata kidogo. Mshauri asemaye hivyo kwa kila mtu ni mbaya kama yule asemaye kwamba chochote kinatosha. Ushauri mwema hauanzi kwa jibu. Huanza kwa swali, nalo ni hili: chombo kitafanya kazi gani? Kwaya isafiriyo kwenda mikutano ya injili, leo Bukombe, kesho Shinyanga mjini, na vyombo vyake juu ya pikipiki au nyuma ya gari la mizigo, inataka chombo cha kilo nne au tano chenye midundo ya kuchezesha watu na nafasi ya betri; ikipewa piano ya kilo kumi na mbili isiyo na betri, imepewa mzigo. Kanisa ambalo nyimbo zake ni za sauti nne na kinanda chake hakihami linataka sauti za ogani zilizo safi, zinazodumu muda wote kidole kikaapo, na vibonye vya kutosha mikono miwili bila kugongana. Shule itakayo kumfundisha mtoto kupiga piano kwa njia ya mitihani haina budi kutafuta vibonye 88 vyenye uzito. Maana vidole vilivyolelewa juu ya springi hushangaa siku vinapokutana na piano ya kweli, kama miguu iliyozoea sakafu inaposhangaa jaruba la mpunga.

Kazi tatu, vyombo vitatu. Asiyeuliza swali hili hawezi kushauri, na asiyelijibu hawezi kushauriwa. Hata sheria ya nchi inalitaka. Sheria ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, iliyorithi misingi yake katika sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, inamkinga mnunuzi aliyemweleza muuzaji wa bidhaa za namna hiyo kazi anayokitakia kitu, akategemea ujuzi wake. Kitu kikiwa hakiifai kazi ile, mnunuzi ana haki ya kudai. Lakini kinga hiyo hupungua sana kwa mtu aingiaye dukani akataja jina la kampuni tu na kusema, "Nipe ile." Basi yule aringaye kwa kujua majina ya viwanda, na kuona haya kueleza shida yake, ameivua ngao yake mwenyewe mlangoni.

Baada ya kazi, swali la pili ni la umeme, nalo limeua vinanda vingi. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Umeme wa Japani ni volti 100, na wa Marekani 120. Vinanda vilivyotumika huletwa kutoka nchi hizo kwa bei ya kuvutia, na vingine ni vyombo bora kuliko vipya vya bei ile ile. Lakini kile kilichoundwa kwa volti 100 kikitiwa katika ukuta wa nyumba ya Kahama bila transfoma ya kupunguza nguvu, huishi sekunde chache. Maelezo haya yameandikwa nyuma ya chombo au chini yake kwa tarakimu zinazosomeka na mtoto wa darasa la tatu. Hakuna elimu ya juu inayohitajika hapo. Yatosha kukigeuza chombo na kusoma. Vilevile adapta hazifanani ingawa plagi zake hufanana: volti huweza kuwa 9, 12 au zaidi, na kuna ambazo ncha ya katikati ni chanya na nyingine ambazo ni hasi. Kuingia katika tundu si kufaa. Kila mwenye mlango anajua kuwa ufunguo huingia katika vitasa vingi na kufungua kimoja.

Kisha kuna vumbi, mgeni asiyebisha hodi katika mikoa hii wakati wa kiangazi. Chini ya vibonye mna vipande vya mpira vyenye kaboni, navyo vikichafuka, kibonye hunyamaza au hulia kwa ukelele. Kitambaa cha kufunikia ni kitu cha bei ndogo kuliko soda za kikao kimoja cha kamati, lakini huonekana kwa nadra. Ni haki kusema pia kwamba chombo cha dijitali kina fadhila yake katika nchi hii: piano ya nyuzi, ambayo mbao zake huvimba masika na kusinyaa kiangazi, hupotewa na sauti, na fundi wa kuirekebisha hapatikani kwa urahisi Shinyanga wala Geita. Chombo cha dijitali hakihitaji kulainishwa sauti. Hivyo hoja haiko juu ya kama kinunuliwe. Hoja iko juu ya nani ashauri kabla ya kununua.

Na hapa ndipo penye ugonjwa. Washauri wanne wa uongo wanatawala ununuzi huu, nao wapasa kuvuliwa nguo hadharani.

Wa kwanza ni bei. Mtu hujisemea kuwa kilicho ghali ndicho kizuri, akalala usingizi. Bei haishauri, bei hutangaza tu kile muuzaji anachotumaini kupata. Chombo cha bei kubwa kilichojaa midundo ya dansi hakimfai mtoto wa kufundishwa, na chombo cha bei ndogo chenye vibonye vizito huweza kumfaa miaka kumi.

Wa pili ni wingi. Sauti 500, midundo 200, taa za rangi saba. Mpiga kinanda wa kanisa hutumia sauti tatu au nne maisha yake yote. Wingi mwingine hulala ndani ya mtambo kama wageni wasiofanya kazi, ilhali hesabu yenye maana haisemwi: idadi ya sauti ziwezazo kulia kwa pamoja. Chombo chenye uwezo wa sauti 32, mpigaji akishikilia kanyagio na kuendelea kupiga, huanza kuzikata zile za kwanza ili kuzipa nafasi mpya. Chenye 64 au 128 hustahimili. Muuzaji hulitaja neno hili akiulizwa. Haulizwi.

Wa tatu ni mtu wa katikati, yule ajuaye duka la mjini na ambaye faida yake hutoka dukani. Si lazima awe mwongo. Huenda akaipenda kwaya kwa moyo wote. Lakini mtu ambaye chakula chake cha jioni kinategemea kuuzwa kwa kinanda fulani hawezi kukiona kinanda kingine kilicho bora, hata kikiwa mbele ya pua yake. Penye dhahabu hakuna amwachiaye mnunuzi kupima peke yake kwa mizani yake mwenyewe ya nyumbani. Kwa nini penye kinanda mwenye faida afanywe mpimaji?

Wa nne ni mkubwa mwenye kutoa zawadi. Huyu hufika siku ya harambee na sanduku lililofungwa, hupigiwa vigelegele, hupigwa picha, huondoka. Hakuuliza kwaya inapiga nini, nani anapiga, wala kama kijijini kuna umeme. Zawadi isiyouliza humpamba mtoaji kuliko inavyomfaa mpokeaji. Na kwa kuwa ni zawadi, hakuna awezaye kusema kwamba haifai. Kikawekwa pembeni ya madhabahu kama jiwe la kumbukumbu, nayo kwaya imenyimwa hata haki ya kuchanga upya, maana watu huuliza, "Si mnacho kinanda?" Mkubwa mwenye nia njema angetoa fedha ile ile na kusema, "Mpiga kinanda wenu na achague." Angepata vigelegele vichache na muziki mwingi.

Mshauri wa kweli ni nani basi? Yu karibu mno, na kwa sababu yu karibu hadharauliwi tu, bali hata haonekani. Wa kwanza ni mpigaji mwenyewe. Mikono itakayokaa juu ya vibonye hivyo kila Jumapili ndiyo mizani, na hakuna mizani nyingine. Wa pili ni fundi atengenezaye vinanda vilivyoharibika. Yeye huona kaburi la kila kosa, anajua kipi hupatikana vipuri na kipi hakipatikani. Tena ufundi wa namna hii si wa kudharauliwa. Mwaka 1887 Mjapani mmoja, Torakusu Yamaha, aliitwa katika shule ya mji wa Hamamatsu kutengeneza ogani iliyoharibika. Kwa kuifungua na kuitazama ndani alijifunza kuunda ya kwake, na jina lake leo limo juu ya vinanda katika makanisa mengi ya Tanzania. Anayejua kwa nini kitu hufa ndiye ajuaye kipi kitaishi. Wa tatu ni mwalimu wa muziki asiyeuza kitu. Muziki hufundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makumira karibu na Arusha na Bagamoyo. Waliohitimu wametawanyika katika shule na parokia, na simu moja ya heshima kwa mmoja wao haina gharama ya kuogopesha kamati.

Watu watapinga, na mapingamizi yao yasikilizwe.

Watasema kwamba mpiga kinanda ni kijana, na si adabu kijana kuwachagulia wazee. Adabu ni jambo tukufu. Lakini katika mnada wa ng'ombe mzee wa Kisukuma humwita mtu ajuaye ng'ombe, hata akiwa ni kijana wa mtaa wa pili, amtazame mnyama meno, miguu na kiwele. Heshima ya mzee haipungui kwa hayo. Hupungua siku ile anapofika nyumbani na ng'ombe mgonjwa. Mzee aende mjini, ashike fedha, ashindane juu ya bei, atie sahihi, kijana aguse. Kila mmoja akae katika cheo chake, na cheo cha kijana katika jambo hili ni vidole.

Watasema kwamba maskini hana nafasi ya kuchagua. Neno hili husemwa kwa huzuni, na ni la upotovu. Aliye na fedha nyingi akikosea hununua kingine. Aliyechanga mwaka mzima akikosea hukaa na kosa lake miaka kumi. Kwa hiyo ushauri si pambo la matajiri. Ni chakula cha maskini, na kuunyima kwa kuokoa nauli ni kuuza shamba ili kununua jembe.

Watasema kwamba maduka yenye vyombo vya kuchagua yako mbali. Zamani hoja hii ilikuwa na uzito kwa watu wa Geita, waliokuwa wakingoja kivuko cha Busisi ili kwenda Mwanza. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa yapata kilomita 3, limewaondolea kisingizio hicho. Na mtu wa Shinyanga hufika Mwanza kwa basi asubuhi na kurudi jioni. Ubaya wa siku hizi ni kwamba wengi hawaendi hata huko. Hutumiwa picha katika simu, hutuma fedha katika simu, hupokea sanduku kituo cha basi. Picha haina sauti, wala haina uzito. Anayenunua kinanda kwa picha amenunua picha, na kinanda amepewa kwa bahati.

Na wengine watasema, kwa sauti ya uzalendo, kwamba kinanda ni chombo cha kigeni na nchi ya Wasukuma ina ngoma zake zinazotosha. Ni kweli kwamba zinatosha kwa kazi yake, na hakuna aliyeomba zinyamaze. Lakini wenye hoja hii wajifunze kutoka huko huko wanakosimama. Vikundi vya Bagika na Bagalu, vilivyoshindana kucheza vizazi kwa vizazi mbele ya maelfu ya watazamaji, havikuingia uwanjani na ngoma zilizonunuliwa na mtu asiyejua kupiga. Ngozi iliguswa, ilipigwa, ilisogezwa motoni, ikapigwa tena. Kumwita mjuzi kabla ya kutoa mali ni mila ya nchi hii. Kununua kwa macho ndio ugeni.

Kwa hiyo kamati ya kwaya, au mkuu wa shule, au mzazi mwenye mtoto apendaye muziki, afanye mambo machache kabla hajafungua mkoba. Aandike katika karatasi kazi ya chombo, mahali kitakapokaa, umeme uliopo, na mtu atakayekipiga. Ampelekee karatasi hiyo mpigaji, fundi na mwalimu, na majibu yao ayasome mbele ya kikao. Mpigaji aende dukani, na nauli yake iandikwe katika bajeti kabla ya bei ya kinanda, wala isionewe haya. Akifika, azime midundo yote na kile kipande kinachojipiga chenyewe, abonyeze kila kibonye kimoja kimoja kwa upole na kwa nguvu, akanyage kanyagio, aunganishe na spika, akizime na kukiwasha tena. Muuzaji mwaminifu hatachukia. Atafurahi, kwa maana mteja aliyechagua vema harudi na ugomvi. Muuzaji akichukia, ameshauri bila kujua, na ushauri wake ni kwamba watu waondoke. Mwisho, risiti ichukuliwe, dhamana iandikwe, na sehemu ya fedha ibakizwe kwa ajili ya kitambaa, adapta halisi na fundi wa baadaye.

Mambo haya hayahitaji mtaalamu wa ng'ambo wala semina ya hotelini. Yanahitaji wenye fedha wakubali kwamba kuwa na fedha si kujua, na wenye ujuzi waitwe mapema, si siku ya kupokea sanduku. Yule mwanamke wa barabarani alitoa shilingi zake mia tano akiwa amesimama juani tangu alfajiri, mchele mbele yake na mtoto mgongoni. Hakutoa ili aone taa za rangi saba. Alitoa ili Jumapili mtu mmoja akalie kiti, aweke vidole vyake, na wimbo anaoupenda uanze kwa sauti ndogo kama alivyousikia moyoni. Fedha yake ilipotoka mkononi mwake ilikuwa nzima. Kamati ina deni la kuirudisha nzima, nayo haitaweza kulilipa ikiwa mikono ya mpigaji imeachwa nyumbani.